Kwa nini kisu cha chuma hubadilika rangi kinapopata moto?

Kisu kilichowekwa juu ya makaa ili kikate dumu la plastiki, au kilichosahauliwa kando ya moto wa gesi, hurudi mikononi mwa mwenyewe kikiwa na rangi ambazo hakikuwa nazo: manjano, kahawia, zambarau na buluu, zimefuatana kama upinde wa mvua.

Rangi hizo si masizi wala si kutu, na hakuna sabuni inayoziondoa.

Wengi huzichukulia kuwa ni kasoro ya sura tu. Kwa mhunzi, hata hivyo, rangi hizo ni kipimo. Zinamweleza chuma kilifikia joto la kiasi gani, na kama kisu hicho kitaweza tena kushika makali.

Utando mwembamba

Uso wa chuma unapokutana na hewa, atomu za chuma huungana na oksijeni na kufanya utando wa oksaidi. Katika joto la kawaida la nyumbani utando huo huwa na unene wa nanomita chache tu, na jicho haliutambui. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Chuma kinapopashwa moto, atomu hupata nguvu ya kupenya katika utando huo, nao huzidi kunenepa. Joto linapopita nyuzi 200 za Selsiasi, unene wake hufikia makumi ya nanomita. Hata hapo ungali mwembamba mno: unywele wa binadamu ni mnene kuliko utando huo kwa takriban mara elfu moja au zaidi.

Utando huu hautakiwi kuchanganywa na kutu ya kawaida. Kutu huzaliwa na maji yakishirikiana na oksijeni, na hupukutika kwa urahisi. Utando wa moto ni mkavu, hushikamana na chuma, na ukipapaswa kwa kidole hauhisiki.

La kushangaza ni kwamba utando wenyewe hauna rangi ya buluu wala ya zambarau. Oksaidi za chuma zikikusanywa kwa wingi huwa nyeusi au nyekundu iliyoiva. Rangi zinazoonekana kwenye kisu hutokana na unene wa utando na jinsi nuru inavyopita ndani yake.

Mawimbi ya nuru yanapokutana

Nuru ya jua, ambayo huonekana nyeupe, ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Kila rangi ni wimbi lenye urefu wake. Wimbi la urujuani lina urefu wa takriban nanomita 400, na la nyekundu takriban nanomita 700. Rangi nyingine zote zinazoonekana kwa macho zimo kati ya hizo mbili.

Nuru hiyo inapoangukia kisu chenye utando, hugawanyika. Sehemu moja hurudishwa na uso wa juu wa utando. Sehemu nyingine hupenya, hufika kwenye chuma chenyewe, kisha hurudi juu. Mawimbi hayo mawili hukutana tena njiani kuelekea jichoni mwa mtazamaji, lakini moja limetembea safari ndefu kidogo kuliko jingine.

Kilele cha wimbi moja kikikutana na kilele cha jingine, rangi hiyo huzidi nguvu. Kilele kikikutana na bonde, mawimbi hayo hupunguzana nguvu au kufutana kabisa, na rangi hiyo hutoweka katika nuru inayorudi.

Rangi ipi itakayofutwa hutegemea unene wa utando. Utando ukiwa mwembamba, hufutwa kwanza mawimbi mafupi, yaani ya urujuani na buluu, na kinachobaki huonekana manjano. Ukinenepa zaidi, hufutwa kijani na manjano, na kinachobaki huonekana zambarau. Ukinenepa tena, hufutwa manjano na nyekundu, na jicho huona buluu.

Jambo hilohilo huonekana katika povu la sabuni, na katika mafuta ya gari yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji. Tofauti ni kwamba rangi za povu hucheza na kupotea, kwa sababu utando wake ni majimaji. Rangi za kisu hubaki mahali pake hata kisu kikipoa, kwa sababu utando wake ni mgumu.

Mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, aliziandika rangi za chuma kilichopashwa moto katika kitabu chake cha mwaka 1665, akazilinganisha na rangi za vitu vingine vyembamba. Isaac Newton alichunguza rangi za tando nyembamba katika kitabu chake cha mwaka 1704. Maelezo ya mawimbi yanayokutana na kufutana yalipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 19 kutokana na kazi ya Thomas Young.

Ngazi ya rangi

Kwa chuma cha pua cha kawaida, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, rangi hufuatana kwa mpangilio usiobadilika. Viwango vya joto vifuatavyo ni vya makadirio:

Nyuzi 205 hadi 220: manjano hafifu.

Nyuzi 230 hadi 245: manjano iliyokolea, kama nyasi kavu.

Nyuzi 250 hadi 265: kahawia.

Nyuzi 270 hadi 285: zambarau.

Nyuzi 290 hadi 305: buluu iliyokolea.

Kuanzia nyuzi 320 na kuendelea: buluu hafifu, kisha kijivu.

Baada ya hapo utando huwa mnene kiasi kwamba nuru haipiti vizuri, na rangi za kupendeza hupotea.

Muda nao una sehemu yake. Chuma kilichokaa kwa saa nzima katika joto dogo kinaweza kupata rangi sawa na kile kilichopita haraka katika joto kubwa zaidi. Mafuta juu ya chuma, au uso ambao haukusuguliwa vizuri, pia hubadilisha rangi. Ndiyo maana mhunzi husugua chuma hadi king'ae kabla ya kuanza kuzisoma rangi zake.

Rangi hizi ni tofauti na ule wekundu wa chuma kilichomo ndani ya moto. Chuma huanza kutoa mwanga mwekundu uliofifia kinapopita nyuzi 500, kisha huwa chekundu angavu, cha machungwa, na hatimaye cha kukaribia weupe. Huo ni mwanga unaotoka ndani ya chuma chenyewe, na huzimika kinapopoa. Rangi za utando hutokea katika joto dogo zaidi, wakati chuma bado hakijawaka, na hubaki.

Ugumu na wepesi wa kuvunjika

Ili kuelewa kwa nini rangi hizo zina uzito kwa mwenye kisu, ni lazima kufahamu jinsi kisu kinavyopata ugumu wake.

Mhunzi hupasha chuma cha pua hadi kiwe chekundu, takriban nyuzi 800, kisha hukizamisha ghafla katika maji au mafuta. Katika joto hilo atomu za kaboni huwa zimetawanyika ndani ya chuma. Zikipozwa ghafla, hunaswa kabla ya kupata nafasi ya kutoka. Chuma hujikaza na kuwa kigumu kupita kiasi. Umbo hilo la chuma huitwa martensaiti, kwa jina la Adolf Martens, mtaalamu wa madini wa Ujerumani aliyefariki dunia mwaka 1914.

Lakini kisu kilichoishia hapo hakifai. Kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika kama kioo.

Kwa hiyo mhunzi hukirudisha motoni kwa mara ya pili, safari hii kwa joto dogo. Baadhi ya kaboni iliyonaswa huachiliwa, chuma hupoteza sehemu ya ugumu wake, na badala yake hupata uwezo wa kustahimili mikiki. Hatua hii ndiyo inayoleta rangi, na kwa karne nyingi kabla ya vipimajoto kuingia karakana, rangi ndizo zilizokuwa kipimajoto.

Nyembe na zana nyingine zinazohitaji makali makali sana zilisimamishwa kwenye manjano hafifu. Visu vya kazi za kawaida vilifika kwenye nyasi kavu au kahawia. Shoka, ambalo hupigwa na kugongwa, lilipelekwa hadi zambarau. Springi na misumeno, vitu vinavyotakiwa kupinda na kurudi bila kuvunjika, vilifikishwa kwenye buluu.

Mafundi wa saa nao waliitafuta buluu kwa makusudi. Skrubu na mishale ya saa nyingi za zamani ni ya buluu kwa sababu ilipashwa moto hadi karibu nyuzi 300. Buluu hiyo ilipendeza, na iliikinga mishale na kutu kwa kiasi fulani.

Hasara isiyoonekana

Rangi ileile inayopendeza kwenye mshale wa saa ni habari mbaya kwenye makali ya kisu.

Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo kiitwacho Rockwell. Chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 1 hufika karibu 65 baada ya kuzamishwa. Kikipashwa tena hadi nyuzi 200, hushuka hadi karibu 61. Kikifika nyuzi 300, huelekea 56. Tofauti hiyo huonekana ndogo katika karatasi, lakini jikoni huonekana mapema: kisu kinachokata nyanya vizuri asubuhi huanza kuiponda jioni.

Si lazima kisu kiingie motoni ndipo kipate hasara hiyo. Hatari kubwa iko katika jiwe la kunolea linalozungushwa kwa umeme. Makali ni sehemu nyembamba kuliko zote, hivyo joto la msuguano halina pa kukimbilia. Sekunde chache za kukandamiza kisu kwenye jiwe hilo bila maji zinatosha kuleta mstari wa buluu ukingoni, ilhali upande wa mgongo wa kisu bado unashikika kwa mkono.

Mnoa visu anayepita mitaani na jiwe linalozungushwa kwa pedeli za baiskeli ana nafuu katika jambo hili. Jiwe lake huenda polepole, na akitia maji mara kwa mara chuma hakipati nafasi ya kuchemka. Jiwe la mkononi lililoloweshwa ni salama zaidi.

Kuna kosa jingine ambalo hufanyika mara nyingi. Mwenye kisu akiona buluu, huchukua msasa au dawa ya kung'arishia na kusugua mpaka kisu kirudie weupe wake. Kazi hiyo ni nyepesi, kwa sababu utando ni mwembamba mno. Lakini kilichoondolewa ni ushahidi tu. Ulaini wa chuma ulio chini ya utando hubaki vilevile, na kisu hicho huweza kuuzwa sokoni kama kipya huku kikiwa hakishiki tena makali.

Visu visivyoshika kutu

Maelezo ya hapo juu yanahusu chuma cha kaboni. Visu vingi vya jikoni vya siku hizi ni vya chuma kisichoshika kutu, na navyo vina hesabu yake.

Mwaka 1913, Harry Brearley, mtaalamu wa metali katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, alikuwa akitafuta chuma kinachofaa kwa mitutu ya bunduki. Alitengeneza mchanganyiko wenye kromi ya karibu asilimia 13, na ikaonekana kuwa haukuliwa na kutu kwa urahisi. Sheffield ulikuwa mji wa watengenezaji visu, na haikuchukua muda chuma hicho kikaingia mezani.

Siri yake ni utando pia. Kromi huungana na oksijeni na kufanya tabaka la nanomita chache tu, lenye kuziba vizuri kuliko oksaidi ya chuma. Likikwaruzwa, hujijenga upya.

Kwa kuwa tabaka hilo huzuia oksijeni kupita, huchelewa kunenepa motoni. Katika aina ya chuma iitwayo 304, ambayo hutumika sana katika sufuria na sinki, manjano huanza takriban nyuzi 290, na buluu huja karibu nyuzi 540. Visu vina mchanganyiko wao, lakini mwelekeo ni huohuo. Hii ndiyo sababu sufuria iliyoachwa motoni bila maji hupata rangi za upinde wa mvua sehemu ya chini.

Ngazi ya rangi ya chuma cha kaboni, basi, haisomeki vilevile kwenye kisu kisichoshika kutu. Kikionyesha manjano, mara nyingi kimeshapita joto ambalo kiwanda kilikikusudia. Kikionyesha buluu, kimepata moto mkali sana, na ugumu wake umeshuka mno. Aidha, sehemu iliyobadilika rangi huwa dhaifu mbele ya kutu, kwa kuwa sehemu ya kromi iliyokuwa karibu na uso imetumika kujenga utando ule mnene.

Ujuzi usio mgeni

Chuma chenye kaboni kina historia ndefu Afrika Mashariki. Katika karne ya 12, mwanajiografia al-Idrisi aliandika kuhusu chuma cha pwani hii, kikiwemo cha Sofala, kilichosafirishwa hadi India na kuthaminiwa na wahunzi wa huko. Kiswahili chenyewe kimehifadhi neno feleji, ambalo ni chuma bora cha kutengenezea panga.

Bara nako kulikuwa na mafundi. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu uyeyushaji wa chuma huko Buhaya, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri kwa ujuzi waliorithi na kutoa chuma chenye kaboni. Uchimbaji wa mabaki ya kale katika eneo hilo ulionyesha kuwa kazi ya aina hiyo ilikuwa ikifanyika tangu takriban miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Hivi leo, wahunzi wengi na mafundi wa jua kali hutengeneza visu na panga kutokana na springi za magari yaliyochakaa. Uchaguzi huo ni wa busara, kwa kuwa chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kukiwezesha kuwa kigumu. Hata hivyo, springi ikishawekwa motoni na kufuliwa ikiwa nyekundu, hupoteza matayarisho ya kiwandani. Panga lililoachwa lipoe lenyewe baada ya kufuliwa hubaki laini. Ni lazima lipashwe, lizamishwe, kisha lirudishwe motoni kwa kiasi, huku fundi akizitazama rangi zikitembea kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Nyasi kavu ikifika ukingoni, huliondoa na kulipoza papo hapo.

Anayechelewa kidogo huona zambarau, kisha buluu, na humlazimu kuanza upya.

Yanayofaa kuzingatiwa

Maji yanayochemka hayalainishi kisu. Joto lake ni nyuzi 100, chini sana ya lile linalobadilisha ugumu. Vivyo hivyo jua kali. Moto wa makaa, wa gesi na wa umeme ndio wa kuepukwa, iwe ni kwa kukata plastiki, kugeuza mishkaki au kuua vijidudu. Kwa kazi ya kukata plastiki, ni afadhali kutenga kisu kimoja kikuukuu kisichotegemewa kwa kazi nyingine.

Kisu cha kaboni kikipata mstari mdogo wa buluu kwenye makali, kinaweza kuokolewa kwa kusaga polepole, kwa jiwe lenye maji, hadi sehemu iliyolainika iishe na chuma kigumu kifikiwe. Kikigeuka buluu chote, humhitaji mhunzi akipashe na kukizamisha upya.

Kisu kisichoshika kutu hakina njia hiyo rahisi. Ili kiwe kigumu tena, huhitaji joto la karibu nyuzi 1,000 au zaidi, katika tanuri linalodhibitiwa vyema, kazi ambayo makaa ya kawaida hayaiwezi.

Anayenunua kisu kilichotumika hana budi kukigeuza kwenye mwanga na kutazama ukingo wa makali na ile sehemu inayokutana na mpini, ambako msasa haufiki vizuri. Rangi ikionekana hapo, kisu hicho kimepata moto. Isipoonekana, kilichobaki ni kukijaribu: kinolewe, kikate, na kitazamwe makali yake yatadumu kwa muda gani.